Wiki ya Kupumzika

Jumanne, 3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Najua umeipokea barua hii kwa dereva wa gari la dawa, ukaitia mfukoni mwa koti, ukajifanya una wateja wengi, na sasa ndiyo unaifungua baada ya kuhakikisha hakuna anayekutazama. Nimefanya kazi dukani kwako miaka sita. Nakujua.

Nisamehe kwa namna nilivyoondoka. Mpwa hamuagi mjomba wake kwa kikaratasi kilichobanwa chini ya sinia la kuhesabia vidonge. Nilijaribu kukwambia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unagombana na wakala wa dawa za kikohozi, na mara ya pili ulikuwa umefurahi sana, nikaona nisikuharibie siku.

Basi nimefika na nimeanza. Kitengo cha saratani kiko nyuma kabisa ya hospitali, ukipita jengo la kufulia. Chumba cha kuchanganyia dawa hakina dirisha la nje. Unavua viatu vyako unavaa vya humo ndani, unavaa gauni linalofungwa mgongoni, kofia, barakoa, na glavu jozi mbili, moja juu ya nyingine. Ukishamaliza yote hayo, pua inaanza kuwasha. Kila siku, Mjomba, na huruhusiwi kuigusa. Wewe usingemaliza hata dakika kumi.

Huku hakuna rafu ya kunyoosha mkono ukachukua boksi. Kila dripu inatengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, baada ya majibu ya damu yake ya siku hiyo hiyo. Naletewa karatasi yenye urefu wake na uzito wake, napiga hesabu, halafu mwenzangu anapiga upya bila kuiona yangu. Tukitofautiana hata kidogo tunarudi mwanzo. Sura ya mgonjwa siioni, lakini karatasi inaonyesha uzito wake wa kila baada ya wiki tatu, na ukiwa umepanda hata kilo moja nafurahi kutwa nzima.

Mama anasema umemuuliza mara tatu kwa nini nimeondoka. Nilitaka kujifunza kitu kipya. Ni hilo tu.

Halafu, yule Mama Sare, fundi wetu wa kushona sare za shule, wa nyumba ya pili kutoka dukani, umemwona siku hizi? Akipita niandikie. Hata mstari mmoja unatosha.

Ni mimi,
Kidonge wako


Jumatano, 11 Februari

Kwako Kidonge,

Marahaba. Barua niliisoma mbele ya wateja, kwa taarifa yako. Wawili.

Nakujibu kwa kalamu kwa sababu simu ya duka haiachi kulia, na kwa sababu maneno ya simu hayana risiti. Nilinuna. Sikatai. Mimi ndiye niliyekuita Kidonge ulipozaliwa, mtoto mzima unaenea kwenye kiganja, na mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu kwa kuhesabu vidonge vitanovitano. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa nyumbani nimenyoosha miguu, wewe umesimama hapa kaunta unawagombeza watu kwa niaba yangu. Halafu naamka nakuta kikaratasi.

Lakini mama yako amenieleza. Amesema ni kwa sababu ya marehemu bibi yako. Kwamba ulimwona alivyoteseka na ugonjwa huo ukiwa na miaka tisa, na jambo hilo halijakutoka moyoni. Kidonge, kwa nini hukuniambia? Alikuwa mama yangu. Mtu wa umri wangu nimelia nyuma ya rafu ya sabuni za watoto, akaja mteja kutaka poda, nikamuuzia huku natiririka. Hakuna sababu nzuri kuliko hiyo. Nimekusamehe, tena kabisa, na yeyote atakayeniuliza kwa nini umekwenda huko nitamjibu kifua mbele.

Habari za hapa. Nimempata mchora mabango mzuri, ataniandikia mlangoni kwa herufi nyekundu: MALIZA DOZI. USIRUKE HATA SIKU MOJA. Miaka thelathini na miwili nimeyasema maneno hayo mpaka koo limechoka, sasa mlango utanisaidia kuyasema. Ulipokuwa ukiyatamka wewe nilikuwa najisikia mimi mwenyewe, ila kwa sauti nyembamba.

Mama Sare hayupo. Cherehani yake imefunikwa shuka tangu mwezi wa kumi na moja. Jirani yake anasema yuko kwa ndugu zake, hajasema atarudi lini. Watoto wa shule wote wa mtaa huu wanatembea magoti nje kwa sababu hakuna wa kuwashonea sare mpya. Akirudi nitakwambia. Una deni la nguo kwake au vipi, mbona unamuulizia hivyo?

Mjomba wako


Jumatano, 18 Februari

Shikamoo Mjomba,

Usilie mbele ya wateja, watafikiri dawa zimeisha.

Kuhusu bibi, mama amesema alivyoelewa yeye. Nakumbuka mkono wake ulivyokuwa mwepesi. Tuyaache hayo kwanza.

Nataka kukusimulia wenzangu, maana nimegundua hakuna aliyefika kwenye kitengo hiki kwa njia iliyonyooka. Anayehakiki hesabu zangu aliuza duka la dawa kama letu. Miaka kumi na moja aliwapa watu dawa wakaondoka, na hakujua hata mmoja kama alipona, kwa sababu aliyepona harudi kukuaga na aliyekufa ndiyo kabisa. Huku wanarudi. Anasema kitu hicho tu, kurudi kwao, ndicho kilichomleta. Mwingine, dada mmoja mcheshi, aligombana na bosi wake hospitali nyingine akahamishiwa huku kama adhabu. Baada ya mwaka bosi akamhurumia, akampigia simu arudi. Akamjibu kuwa adhabu yake haijaisha. Mwaka wa nane huu. Wa tatu amesema bila aibu kwamba alichoka kusoma miaka mitano kisha kuuza mswaki.

Nimewauliza kwa sababu na mimi nimeulizwa. Kuna masomo ya miaka miwili ya dawa za saratani, na mkuu wetu amependekeza jina langu. Fomu ina mistari minne mitupu: Eleza kwa maneno yako kwa nini unataka kufanya kazi hii. Nimeijaza yote, jina mpaka saini, lakini mistari ile minne nimeiacha. Mkuu amenirudishia, akaniambia, "Hii si mapambo." Nina mpaka tarehe tisa ya mwezi ujao.

Inatakiwa pia barua ya mwajiri wa zamani, yaani wewe. Iandike kwa mkuu wa kitengo, uifunge, umpe dereva. Sema ukweli tu, Mjomba, usinipambe.

Na nina ombi moja. Yale maneno ya mlangoni, yaache kwanza. Usiyaandike. Nitakueleza.

Kidonge


Ijumaa, 27 Februari

Kidonge,

Mlango ni wangu. Umeshaandikwa, rangi imekauka, na umependeza. Mtu ana wiki tatu hospitali kubwa, tayari anaona haya kwa mlango wa mjomba wake. Nilipokuwa nakulisha uji maneno hayo yalikufaa. Haya, yamekwisha.

Barua yako nimeiandika, nimeifunga, na dereva ameichukua leo. Lakini nimekutolea nakala, kwa sababu najua una wasiwasi, na kwa sababu nimeandika vizuri na sina mwingine wa kumwonyesha. Hii hapa:

"Kwa Mkuu wa Kitengo. Mhusika amefanya kazi chini yangu miaka sita. Ni mwaminifu, mkweli, anawahi kazini, ila huimba akihesabu. Amevutwa na kazi ya saratani kwa sababu ya bibi yake, aliyefariki kwa ugonjwa huo. Kuhusu msimamo wake kazini natoa mfano mmoja. Mwezi wa kumi uliopita alikuja mteja wetu, mama mmoja fundi wa nguo, aliyeanza vidonge vya saratani kutoka hospitali yenu. Akataka kukaa wiki nzima bila kunywa. Wafamasia wengi wangemwachia afanye atakavyo. Mpwa wangu alimshika mkono akamwambia kwa upole: Dawa hairukwi, mama. Maliza dozi. Yule mama alishukuru akatii. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu, nikasikia yote, na siku hiyo nilijua duka langu limepata mrithi. Sasa mmenichukulia. Mtunzeni."

Nimepamba? Sijapamba. Ni mambo niliyoyasikia kwa masikio yangu.

Mjomba wako, mwenye mlango mwekundu


Jumamosi, 7 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kaa chini. Kama kuna mteja, mhudumie kwanza, halafu ukae.

Vidonge alivyopewa Mama Sare vinanywewa wiki mbili, asubuhi na jioni, halafu wiki moja hunywi. Hiyo wiki si ya kuruka, ni sehemu ya dozi yenyewe. Mwili unapumua, damu inajijenga upya, kisha unaanza tena. Asiyepumzika, dawa inamgeuka. Siku ile alikuja na karatasi yake mkononi akaniuliza kama ni sawa. Alikuwa anaogopa kupumzika. Alitaka nimwambie kitu. Sikuisoma karatasi. Nilimshika mkono, kama ulivyoandika, nikamwambia maneno yetu.

Ulitoka nyuma ya rafu ukaniambia, "Umejibu kama mimi." Nilifurahi siku mbili.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda semina ile ya siku moja, unakumbuka, ulinipa ruhusa kwa shingo upande. Mwalimu akaweka ukutani kalenda ya dawa ile ile. Viboksi kumi na vinne vyekundu, kisha saba vyeupe. Mjomba, niliondoka kabla semina haijaisha. Jioni ile nilikwenda kwa Mama Sare, nikakuta kufuli. Nilikwenda mara tatu. Ndipo nikaomba kazi huku, kwa sababu alikuwa mgonjwa wa huku, na kwa sababu niliona siwezi tena kusimama kaunta na kumwambia mtu lolote. Hiyo ndiyo sababu. Bibi nampenda, lakini si yeye aliyenileta.

Sikukwambia kwa kuwa ningesema nimekosea, ningekuwa nasema na wewe umekosea. Hilo lilinishinda.

Kuna na jingine nimekuficha. Nimempata. Ilikuwa wiki ile ile niliyokuandikia habari za wenzangu. Amekaa kwenye benchi la kliniki, amevaa soksi mikononi. Alikunywa wiki tano mfululizo, kwa sababu kwa umbali wa kwao alikuwa amepewa vidonge vya miezi miwili. Ngozi ya viganja ilimtoka, mdomo ukawa kidonda kitupu, wakamlaza wiki tatu mwezi wa kumi na mbili. Sasa yuko kwa mdogo wake, mtaa wa nyuma ya hospitali. Vidole vinaanza kurudi, lakini sindano ya kushonea haishiki.

Nilipiga magoti pale pale korido nikamwambia mimi ndiye. Akasema, "Najua ni wewe, mimi si kipofu. Inuka, watu wanatazama." Manesi walipomuuliza kwa nini hakupumzika, aliwaambia alisahau kuhesabu siku. Aliogopa wangekufungia duka. Akaniambia, "Wakifunga, nani atanipima presha bila foleni?" Akanisihi ninyamaze.

Nilinyamaza, Mjomba. Wiki mbili. Nikakuandikia habari za wenzangu na vichekesho vyao.

Lakini Jumatano nililetewa faili lake, na juu, kwa wino mwekundu, wameandika: Mgonjwa hafuati maelekezo. Kwa ajili ya mstari huo hawataki kumpa tena vidonge vya kunywea nyumbani. Dripu badala yake haiwezekani, kwa sababu angelazimika kuhamia huku moja kwa moja, na mdogo wake ana chumba kimoja na watoto wanne. Kwa hiyo wanamrudisha kwao bila chochote. Vidonge vilikuwa vinamsaidia. Picha zinaonyesha hivyo. Anakwenda kukaa bila dawa kwa sababu anaitwa mkaidi, na amekuwa mkaidi kwa kunisikiliza mimi.

Barua yako iliyofungwa iko juu ya meza ya mkuu. Yuko likizo mpaka Jumatatu, na ufunguo wa ofisi ninao, kwa sababu ya jokofu la dawa lililomo humo. Jana niliishika. Nilisimama nayo muda ambao nisingependa uujue. Kisha nikairudisha, nikachukua fomu yangu, nikajaza ile mistari minne. Nimeandika: Nilimwambia mgonjwa wenu asipumzike. Sikusoma karatasi yake. Hakukosea yeye, nilikosea mimi. Nataka kujifunza ili nisimwambie mwingine.

Jumatatu nitampa mkononi. Pengine ndiyo siku yangu ya mwisho hapa. Naogopa sana, Mjomba, na nimekukosea, na sijui ukisoma hapa utakuwa na uso gani.

Kidonge


Alhamisi, 12 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza sikuelewa, ya pili nilikasirika na wewe, ya tatu nikafunga duka. Saa sita mchana, siku ya kazi. Watu wamegonga mlango wakidhani nimekufa.

Nataka nikukumbushe kitu ambacho umenisitiri nacho. Nilikuwa nyuma ya rafu, na nilimsikia Mama Sare tangu neno la kwanza. Hakusema, "Nataka kupumzika." Alisema, "Wameniambia nipumzike." Wameniambia! Nimelisikia kwa masikio haya. Mtu aliyeishi na dawa miaka thelathini na miwili anasikia neno hilo, na badala ya kutoka mbio kuuliza nani amekwambia, mama, hebu nione karatasi, anakaa nyuma ya sabuni anajipongeza kwa mpwa wake. Halafu nikaliandika tofauti kwenye barua. Nimeandika "akataka". Sikudanganya kwa makusudi, ndivyo nilivyokuwa nimelikumbuka, kwa jinsi lilivyonipendeza. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Wewe uliyatoa kinywani, lakini maneno yalikuwa yangu, niliyaweka mimi humo tangu unahesabu vitanovitano. Na usifikiri nayaona mabaya. Wa malaria na amalize dozi yake, wa kifua kikuu asithubutu kuacha. Ila nilikuwa nayasema kabla mtu hajamaliza swali. Tangu jana ninawakumbuka wateja wa miaka, mmoja mmoja, najiuliza nani mwingine alikuwa na karatasi mkononi.

Nimemwandikia mkuu wenu barua ya pili, ameondoka nayo dereva huyu huyu. Nimeeleza kwamba leseni ya duka ni yangu, kwamba nilisikia na sikusahihisha, na kwamba mgonjwa alifanya alichoambiwa na wataalamu wawili. Kama baraza la wafamasia litataka kuniita, anwani wanayo. Mlango nimeukwangua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, nikaharibu kisu na mlango vyote viwili. Sasa kuna doa kubwa la waridi, na kila anayeingia anauliza. Ninamwambia.

Niliumia uliponificha. Lakini nimejiuliza, je, ungeniambia mwezi wa kumi na moja, ningekusikiliza? Ningekuuliza huyo mwalimu wa semina ana umri gani. Kwa hiyo sina la kukulaumu.

Wakikufukuza, njoo nyumbani. Wasipokufukuza, kaa. Sitakuuliza tena kuhusu duka.

Alhamisi ijayo nakuja. Mama Sare usimwambie, asije akajichosha kujipamba kwa ajili yangu. Sijui nitasema nini nikimwona. Naogopa kama wewe.

Mjomba wako


Jumatano, 8 Aprili

Daktari,

Najua wewe si daktari, umenikosoa miaka yote, lakini midomo imeshazoea. Nisamehe na mwandiko. Vidole vimerudi vitatu, viwili bado vinajifikiria. Nimetaka barua ifike kabla yangu, maana Jumatatu ninarudi nyumbani, na sitaki tukutane barabarani uanze tena kulia kama siku ile. Mtu mzima ovyo. Ulinishika mkono ukaubana na ngozi bado mpya, nikavumilia kwa heshima tu.

Siku ile uliniuliza kama nimewasamehe, nikasema yamepita. Niliona umechoka na safari. Ukweli ni kwamba hayajapita yote. Binti yako nimemsamehe, kwa sababu alikuja akapiga magoti bila kusukumwa na mtu. Wewe nusu. Ile nusu nyingine niachie kwanza. Haikuwa dawa iliyoniuma, Daktari. Ilikuwa kuitwa mkaidi. Miezi mitatu kila nesi akifungua faili ananitazama usoni kisha anapandisha sauti, kana kwamba sisikii. Mimi nashona sare za shule nzima bila kukosea kifungo, halafu naambiwa siwezi kuhesabu siku. Na nilijitakia mwenyewe, nilisema uongo kuwakinga. Sikujua uongo huo ungekuwa na bei hiyo. Nilikuwa nimeshafunga mizigo ya kurudi nyumbani kufa.

Najua binti yako amekwandikia, lakini yeye hajisifu. Mkuu wao alizisoma barua zako zote mbili na ile fomu, akaniita, akamwita na daktari wangu wa huku. Binti amesimama pembeni. Mkuu akamuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza, akajibu, "Niliogopa." Mkuu akasema kwamba huko wanakochanganya dripu hawezi kuingia kwa miezi sita, na masomo yatangoja mpaka hapo. Wamemweka kwenye meza ndogo mlangoni mwa kliniki. Kila anayepewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani lazima akae naye kwanza, wasome karatasi pamoja, kisha mgonjwa amweleze yeye, si yeye amweleze mgonjwa. Nilimkuta anamsikiliza mzee mmoja mbishi, nusu saa nzima, hajamkata kauli. Nikasema huyu sasa kazi imempata.

Na faili wamelirekebisha. Daktari wao alikata ule mstari mwekundu, akaandika mwingine chini yake. Nikamwambia anisomee. Akasoma: Mgonjwa alifuata maelekezo aliyopewa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia asome na mdogo wangu asikie, maana na yeye alikuwa ameanza kunifikiria vibaya.

Damu yangu ilipokuwa sawa wakanianzishia upya, kipimo kidogo kuliko cha mwanzo. Nimemaliza wiki mbili Jumapili iliyopita. Wamenipa vingine vya mizunguko miwili, yaani wiki sita, nije navyo nyumbani, peke yangu, kwa sababu wananiamini. Viko hapa, kwenye mkebe wangu wa vifungo, nimeuweka juu ya kabati.

Leo ni siku ya tatu ya kupumzika. Binti yako ananieleza vizuri, naelewa, naweza hata kumfundisha mtu. Lakini asubuhi nikiamka nahisi ule ugonjwa unaniona sina silaha. Mkono unanyanyuka wenyewe kuelekea juu ya kabati. Jana nilisimama kwenye kiti. Mdogo wangu akaniuliza natafuta nini, nikamwambia kifungo cheupe.

Naogopa sana, Daktari. Sijanywa hata kimoja.

Fundi wako,
Mama Sare